Kati ya Moto na Mdomo

Aliyekulia Majengo, Dodoma, miaka ya 1970 hahitaji kuchorewa ramani ya soko. Pua yake bado inaijua. Kulikuwa na magunia ya uwele na mtama yaliyofukiza vumbi la ghalani, madebe ya mafuta ya alizeti yaliyokwisha kupata ukali kidogo, tumbaku ya kunusa iliyompigisha mtoto chafya mfululizo, mlenda mkavu uliotwangwa na kurundikwa juu ya vitambaa, na kule mwisho kabisa, ambako mbwa walilala na mainzi hawakulala, yalikuwapo mabucha. Mtu aliweza kujua saa kwa kunusa tu: alfajiri damu mbichi na unga wa mifupa, saa nne mafuta yaliyoanza kulegea kwa joto, na nyama ikifikisha saa nane mchana haijaisha, harufu ambayo hata mwenye njaa aliikwepa kwa kupita njia ya pili.

Siku hizi bucha halinuki. Lina vigae vyeupe, dirisha la kioo na friji linalounguruma.

Baba yangu mkubwa alikuwa muuza nyama, na zana zake zote zingeenea kwenye gunia moja isipokuwa gogo. Gogo lilikuwa kipande cha shina la mkwaju, kipana hata watoto wawili tungeweza kulikalia bila kugusana, limeliwa katikati na shoka kwa miaka hadi likawa na bonde, na ndani ya bonde hilo damu ilituama mpaka jioni. Juu yake zilining'inia ndoano za chuma zilizong'aa kwa mafuta, pembeni mizani ya mawe ambayo kila mteja aliishuku, na chini ya meza rundo la magazeti ya Uhuru na Mzalendo ya kufungia nyama, kiasi kwamba ukifika nyumbani uliweza kusoma hotuba ya Mwalimu kinyumenyume kwenye paja la ng'ombe. Asubuhi alipita Bwana Afya na koti lake jeupe lililokwisha kugeuka rangi ya chai, akitafuta mhuri wa wino wa zambarau kwenye mapaja, na akikuta ini lenye minyoo alilimwagia mafuta ya taa papo hapo, mbele ya watu, lisije likarudi sokoni kwa mlango wa nyuma.

Friji halikuwapo, na kwa sababu halikuwapo, kila kitu kilikwenda haraka. Ng'ombe aliyechinjwa usiku alilazimika kuisha kabla ya alasiri. Kilichobaki kilikatwa vipande virefu vikaanikwa, au kilikwenda kwa mama ntilie wa jirani aliyekitumbukiza kwenye sufuria ya supu iliyochemka tangu asubuhi. Nyumbani nako nyama haikuonjwa kabla mfupa haujaachia. Ukipima muda tangu ilipotoka motoni hadi ilipoingia mdomoni, ulikuwa ni ule wa kumsubiri mtu anawe mikono.

Jioni ilikuwa zamu yetu watoto. Tulilipalia gogo kwa kisu butu hadi ute wote ukatoka, tukalimwagia maji ya moto kutoka kwenye debe, kidogo tu, maana maji ya Dodoma yalinunuliwa kwa debe na yalikuwa ya chumvi chumvi, kisha tukalisugua kwa majivu na chumvi ya mawe na kuliacha likauke usiku kucha, upepo wa vumbi ukipenya kwenye wavu wa dirisha. Asubuhi lilikuwa kavu, jeupe, lina harufu ya mkwaju.

Gogo halipo tena. Baada ya Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 na kuundwa kwa Bodi ya Nyama, wenye mabucha waliambiwa magogo na mashoka yatoke, iingie misumeno ya umeme na meza zinazooshika. Sababu zilikuwapo: gogo lenye nyufa haliishi uchafu, na shoka hurusha vipande vya mfupa hadi kwenye kikapu cha mteja. Hata hivyo naomba kulitetea kidogo, kwa kuwa halina mtetezi. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, Dean Cliver, alianza utafiti wake mwanzoni mwa miaka ya 1990 akitarajia kupata njia ya kuufanya ubao wa mbao uwe salama sawa na wa plastiki. Akakuta kinyume. Bakteria waliomwagwa juu ya mbao walinyonywa ndani pamoja na unyevu, wakakwama humo na kufa polepole, ilhali ubao wa plastiki uliokwisha kuchanjwa na visu uliwahifadhi kwenye mikwaruzo hata baada ya kuoshwa kwa mkono na sabuni. Huo haukuwa ushindi wa gogo la baba mkubwa, lenye nyufa za kuingia kidole. Ila ule ukavu wa usiku kucha ulikuwa dawa kwa kiasi chake, na tulikuwa tukiitoa bila kuijua.

Msumeno wa umeme nao una tumbo. Magurudumu yanayozungusha ule utepe wa meno yamefichwa ndani ya kasha, na humo hujaa unga wa mifupa uliochanganyika na mafuta, jamvi zito la kijivu. Nje unang'aa. Mwenye bucha mwaminifu hulifungua kasha kila jioni. Wengine hupangusa mlango wake tu.

Nisije nikaonekana ninalilia mainzi. Karibu kila nyumba ya mtaani kwetu ilikwisha kuzika mtoto aliyekufa kwa kuhara na kutapika, na watu walisema alikuwa anaota meno, basi, yakaisha. Mwaka 1973, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, tulikusanyika chini ya mwarobaini kuzunguka redio moja ya betri, wazee kwenye vigoda na sisi chini kwenye vumbi, sauti ya Radio Tanzania ikija na kupotea kadiri betri zilivyochoka, na mwisho wa kipindi watu walisimama kwenda kuchimba vyoo. Watu takribani milioni 2 nchi nzima walisikiliza hivyo, katika vikundi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mafunzo yale yalikuwa sahihi kabisa kwa adui wa wakati ule, adui aliyeonekana na kunusika: kinyesi, inzi, maji ya bwawa, kidole kisichonawa. Tulifundishwa kwamba kilicho safi hung'aa. Tukashika hivyo, na hadi leo tumeshika hivyo.

Binti wa dada yangu amesomea sayansi ya chakula pale Sokoine, Morogoro, na kabla ya kurudi Dodoma alifanya kazi katika kiwanda cha soseji mkoa mwingine. Tulikuwa tumesimama mbele ya bucha moja la vigae, mimi nikilisifu.

"Mjomba, hapo umesifu ukuta," akaniambia. "Mkaguzi hutazama chini, halafu nyuma ya friji."

"Chini kuna nini, mwanangu? Si pamedekiwa."

"Pamedekiwa. Hapajakauka."

Alichonieleza siku ile, na siku nyingine nyingi baadaye, kilinivunjia imani ya utotoni. Bakteria akitua juu ya chuma, plastiki au raba, penye unyevu na mabaki kidogo ya chakula, hajikalii tu akisubiri kupanguswa. Hujishikiza. Huzaliana, na kundi lao hutoa ute wa sukari na protini unaowafunika wote, ukawa utando. Maji hupita juu yake. Aliyewahi kuosha sufuria ya wali anajua ukoko: unaweza kumwaga maji mara tano na usiguswe, mpaka usugue. Tofauti ni kwamba utando huu mara nyingi hauonekani kwa macho, na walioko chini kabisa hawajali sana klorini, kwa kuwa dawa huishia kwa wenzao wa juu. Wengine wamepoa kabisa, hawali wala hawakui, na dawa nyingi humuua anayefanya kazi kirahisi kuliko aliyelala. Kisha kuna ile tabia yetu ya kumwaga dawa juu ya mafuta. Klorini ikikutana na uchafu humalizana na uchafu, haimfikii mdudu. Na dawa iliyozimuliwa kupita kiasi, ili kubana matumizi, huwaacha hai wale wagumu wakajaza nafasi za waliokufa. Utaratibu wa kiwandani ni kukwangua na kufagia kwanza, halafu sabuni na brashi, halafu kusuuza, halafu dawa kwa kipimo chake, na mwisho kukausha. Hiyo ya mwisho ndiyo huachwa kila mahali.

Na maskani yao ni pale ambapo mkono hauendi. Mfereji wa sakafuni. Raba ya mlango wa friji. Mabomba matupu ya fremu za meza, ambayo maji huingia kwenye tundu la skrubu na hayatoki. Magurudumu ya toroli. Feni ya chumba cha baridi, inayodondosha matone juu ya kilichoning'inizwa chini yake. Ufa wa sakafu ulipopita mzigo mzito. Mtu akija na mpira wa maji wenye nguvu akaupigia mfereji ili ung'ae, matone huruka hewani na yaliyokuwa chini yanatua mezani, naye anaondoka akijiona amefanya kazi.

Aliye sugu kuliko wote kwenye viwanda vya nyama anaitwa Listeria. Wanasayansi wa Cambridge walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1926, baada ya sungura wao wa maabara kufa. Moto wa kawaida wa jikoni humuua. Baridi haimuui: kwenye nyuzi 4, pale wengi wa wenzake wanapokaribia kusimama, yeye huendelea kuongezeka taratibu. Chumvi nayo anaivumilia. Kwa hiyo friji, lile lililotukomboa na harufu ya saa nane mchana, ndilo lililompa yeye nafasi ya kukaa peke yake na chakula kwa wiki nzima bila mshindani.

Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko mkubwa kuliko wowote wa ugonjwa wake uliowahi kurekodiwa duniani. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 1,060. Waliokufa, kwa wale ambao mwisho wao ulijulikana, 216. Karibu wawili kati ya kila watano walikuwa watoto wachanga, walioambukizwa na mama zao. Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba chanzo ni poloni iliyotoka kiwanda cha Enterprise kilichoko Polokwane, na bakteria wale wale walikutwa ndani ya kiwanda. Poloni ni chakula cha mtu wa kipato kidogo: hukatwa kwa kisu, huwekwa kwenye mkate, haipiti tena motoni. Kanada, mwaka 2008, nyama za kukata za namna hiyo kutoka kampuni ya Maple Leaf Foods ziliua watu zaidi ya 20, na uchunguzi ukaelekea ndani kabisa ya mashine za kukatia, mahali ambapo usafi wa kila siku haukufika. Kisa kinachonikaa rohoni zaidi ni cha Texas. Kiwanda kimoja cha nyama ya bata mzinga kilihusishwa na mgonjwa mwaka 1988, na mwaka 2000 kikahusishwa na mlipuko mwingine; walipolinganisha chembe za urithi, alikuwa bakteria wa ukoo ule ule. Miaka 12. Wafanyakazi wamebadilika, mameneja wamestaafu, mdudu yupo.

Majengo hatukuwa walaji wa poloni. Sasa tumekuwa walaji wa soseji. Jioni ukitembea kuelekea sokoni utakutana na masanduku ya vioo, taa ndani, soseji zimepangwa zinang'aa kwa mafuta. Watoto wa shule hununua, na mimi pia hununua, sitaki kusema uongo. Nyingi zimesafiri kutoka mbali. Zimelala kwenye friji la kiwanda, la msambazaji, la duka, na umeme umekatika mahali fulani katikati ukarudi, hakuna aliyeandika ni saa ngapi. Muuzaji huzipasha kidogo, rangi ikibadilika anakukabidhi. Nyama ya kilo uliyoinunua kwenye bucha lile lile utaichemsha saa mbili na utakuwa salama na mengi. Hiki kinacholiwa kwa haraka ndicho kilichokaa siku nyingi mbali na moto.

Kwenye karanga nimejifunza zaidi, na hapo nina bibi.

Babu alikuwa kibarua Kongwa wakati Waingereza walipokuja na mpango wao wa karanga. Hadithi hiyo kila Mgogo anaijua, nami nitaipitia mbio: vita vimekwisha, Uingereza haina mafuta ya kupikia, serikali ya Attlee mwaka 1947 inaanza mpango wa kulima mamilioni ya ekari Tanganyika, matrekta mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru, na udongo mwekundu wa Kongwa, ambao jua likiupiga huwa saruji, ukawashinda. Januari 1951 wakafunga vitabu, pauni milioni 36 zimekwenda. Babu alirudi na bati mbili na chuki ya karanga isiyoisha. Bibi aliendelea kuzipanda nyuma ya nyumba bila trekta na zikastawi.

Karanga za bibi zilipita mikononi mwake moja moja. Alizimwaga kwenye ungo mlangoni, penye mwanga, akatupa zilizosinyaa, zilizotoboka, zenye ukungu wa kijani, huku akisimulia habari za watu wasiokuwapo. Kisha alizikaanga kwenye chungu chenye mchanga uliopata moto, akikoroga kwa kijiti hadi ganda lile jekundu likaanza kupasuka na nyumba nzima ikajaa harufu ambayo sina haja ya kuieleza, kila msomaji anayo yake. Akazipepeta, akazitwanga kwenye kinu mpaka mafuta yakatokeza, na uji ule mzito wa kahawia ukaingia moja kwa moja kwenye chungu cha mlenda au mchicha uliokuwa ukichemka. Zilipita motoni mara mbili, na kati ya moto wa kwanza na wa pili haikufika hata nusu saa. Kinu kilikuwa na nyufa, kuku walipita, sisi tulichovya vidole. Chungu kilimaliza mambo yote hayo.

Karanga za kusaga za leo zimo kwenye kopo. Kopo lina kifuniko, lebo, tarehe ya mwisho na alama ya TBS, shirika la viwango, na linakaa rafuni miezi. Karanga zake unazipaka kwenye mkate. Moto wa pili haupo.

Binti wa dada yangu sasa anasimamia ubora kwenye karakana ndogo ya karanga, pande hizi hizi: chumba cha kuchambulia, tanuri la kukaangia, mashine ya kumenyea, mashine ya kusagia, meza ya kujazia. Nilikuwapo siku kijana mpya alipotokea na ndoo ya maji na ufagio wa kudekia, ana ari ya kazi, anataka kuosha sakafu ya chumba cha kusagia.

"Ndoo irudishe nje," akamwambia. "Humu maji hayaingii."

Kijana alinitazama mimi mwenye mvi, akitegemea nitamtetea. Kwa mafunzo ya 1973 ningemtetea.

Adui wa karanga ni Salmonella, na tabia yake ni tofauti na ya Listeria. Akipata maji huongezeka. Akikosa maji hafi. Ndani ya mafuta na ukavu wa karanga iliyosagwa anaweza kukaa miezi mingi bila kuongezeka hata mmoja, na katika hali hiyo anakuwa mgumu kuliko alivyokuwa kwenye maji: ipashe siagi ya karanga hadi nyuzi 90 na baadhi yao watavumilia dakika nyingi, joto ambalo ndani ya supu lingewamaliza mara moja. Nafasi pekee ya uhakika ya kuwaua ni kule kwenye kukaanga. Baada ya tanuri, kila kinachogusa karanga ni hatari mpya: koleo lililotoka chumba cha karanga mbichi, viatu, panya, ndege waliojenga kwenye kenchi, vumbi. Vumbi la karanga likiwa kavu, wadudu waliomo wametulia. Lilowanishe tu, uone. Ndiyo maana humo hutumika brashi, ufagio na mashine ya kunyonya vumbi, na vitambaa vyenye spiriti, na sehemu ya mbichi imetengwa kwa mlango na viatu vyake. Usafi wa ukavu, aliuita. Bibi yangu, aliyebana maji kwa kukosa maji, angecheka.

Marekani wamelipia somo hili. Mwaka 2007 siagi ya karanga ya Peter Pan, iliyotengenezwa na ConAgra mjini Sylvester, jimbo la Georgia, iliondolewa madukani; waliougua walizidi 600. Maelezo ya kampuni yenyewe yalikuwa kwamba paa lilivuja na kifaa cha kunyunyizia maji ya kuzimia moto kilikuwa na hitilafu, unyevu ukawaamsha Salmonella waliokuwa wametulia kiwandani. Baadaye ilikiri kosa mahakamani na kulipa dola milioni 11.2. Kabla ya vumbi la hilo kutua, likaja la Blakely, Georgia hiyo hiyo, kiwanda cha Peanut Corporation of America, kati ya 2008 na 2009: watu 714 waliugua, 9 wakafa, na maelfu ya bidhaa zilizotumia karanga zile zikarudishwa. Huko nako paa lilivuja. Mkuu wa kampuni, Stewart Parnell, alibainika kuruhusu mzigo uondoke hali vipimo vimeonyesha uchafu, na mwaka 2015 akahukumiwa miaka 28 jela. Huko Australia, mwaka 1996, aliyekutwa kwenye siagi ya karanga alikuwa Salmonella wa aina iitwayo Mbandaka, jina la mji wa kando ya mto Kongo. Dunia ni ndogo kwa wadudu.

Hapa nyumbani tumeumizwa zaidi na ukungu kuliko bakteria, na hilo lazima lisemwe. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliwapata watu wa Dodoma na Manyara. Waliougua walikuwa 68, waliokufa 20. Tangu hapo neno sumukuvu linajulikana hata na watoto, na karanga zinapimwa. Nafurahi. Ila kopo lililopimwa sumukuvu halijapimwa Salmonella, na nimeona wauzaji wakionyesha karatasi ya kimoja wakidhani imejibu na kingine.

Vilivyoongezeka ni vingi, na sina sababu ya kuvibeza. Mwaka 2003 tulipata mamlaka ya chakula na dawa, na tangu 2019 upande wa chakula uko TBS. Mjasiriamali mdogo anaweza kupata mafunzo SIDO, shirika la viwanda vidogo. Kijana wa Majengo anajua nini maana ya sampuli. Mama anayesaga karanga ana soko hadi Dar es Salaam, na treni ya umeme inaufikisha mzigo wake mapema kuliko bibi alivyofika mjini Kongwa. Watoto wanaokufa wakisingiziwa meno wamepungua. Tulichopoteza ni kimoja ambacho hatukukihesabu kuwa mali: ule muda mfupi kati ya moto na mdomo. Tumeurefusha kwa friji, kwa kopo, kwa plastiki, tukaupata uhuru wa kula tusipopika, na katika urefu huo ndipo wakazi wengine wamehamia. Pua haiwezi kuwapata. Kinachowapata ni kijiti cha pamba kinachopanguswa kila wiki kwenye mfereji, kwenye ufa, ndani ya kasha la msumeno, kikapelekwa maabara, na mwenye kiwanda akubali kulipa gharama hiyo hata mwezi ambao majibu yote ni mazuri. Wengi wanaochelewa, huchelewa hapo: majibu yakiwa mazuri mara mbili tatu, wanaona fedha inapotea.

Mvua za Dodoma huja msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba, na kabla ya hapo bati hukaa miezi mingi bila kujaribiwa. Misumari inalegea kwa jua la mchana na baridi ya usiku, na hakuna anayejua. Mwenye karakana ya karanga, ya ufuta, ya unga wa lishe, Majengo au popote kwenye uwanda huu: mtafute fundi bati Oktoba, umpandishe juu, kabla ya tone la kwanza.